Mmoja wa Kupokea, Mmoja wa Kusindikiza

Juzi mliponiaga mlinikalisha kiti cha mbele, mkaninywesha soda mpaka tumbo likaanza kuimba, halafu mkanipa kazi nyingine kana kwamba sijastaafu. Mkurugenzi wenu hajui aajiri msaidizi wa pili au abaki na mmoja. Nusu yenu mwasema mmoja anatosha akiwa na kichwa, nusu mwasema hata watatu watazimia. Mkanigeukia wote pamoja: "Mzee Zakaria, wewe umekaa mlango ule tangu enzi za Bwana Seif. Tuandikie ilivyokuwa."

Haya, nawaandikia. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, maana ngazi yenyewe ilikuwa fupi, na mshahara haujazi hata mstari. Nitawaeleza habari ya kengele ya mezani, blanketi la mkwe, na jinsi nilivyoponea chupuchupu kukosa mke kwa sababu tajiri wangu alikuwa na msaidizi mmoja tu, na msaidizi mwenyewe alikuwa mimi.

Niliingia ofisini miaka ya hamsini, kijana mwembamba kama ufito, nimetoka masomo ya usiku. Darasa letu lilikuwa na mashine moja ya taipu na wanafunzi wa kujaza behewa, kwa hivyo mwalimu alituchorea herufi kwenye vipande vya kadibodi, kila mtu chake, tukawa tunagonga kadibodi huku yeye anasoma kwa sauti. Mimi nilikuwa bingwa wa kadibodi. Nasema bingwa, si mchezo. Nilikuwa nagonga kwa kasi hata wenzangu wakihisi upepo. Basi siku ya kwanza Bwana Seif aliponikalisha mbele ya mashine ya kweli, nyeusi, nzito kama ndama, nikaishambulia kama nilivyozoea. Sasa, kadibodi haikatai. Mashine inakataa. Zile herufi za chuma zilipanda zote kwa pamoja zikakamatana huko juu kama mbuzi wa Marungu kwenye mlango wa zizi.

Bwana Seif akaichomoa karatasi, akaitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Mwalimu," akaniita, na jina hilo likanishika tangu siku ile, "hii ni barua, au umenichorea mlima Sagalla?"

"Ni barua, Bwana. Imesongamana kidogo."

"Basi itawanye. Mimi naenda kunywa kahawa."

Mzee yule alikuwa mzaliwa wa Kaloleni hapa Voi, lakini wazazi wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupakwa siagi. Alikuwa mnene, mpole, na akikasirika alinong'ona badala ya kupiga kelele, jambo lililotutisha zaidi. Biashara yake mnaijua, ndiyo hii mliyoirithi: ndizi kutoka upande wa Taveta, kabichi na karoti kutoka milimani, mbuzi kutoka Marungu, vyote vinakusanywa hapa na kupakiwa gari la moshi kwenda Mombasa. Simu ilikuwapo, lakini Bwana Seif aliiona kama nyoka aliyelala. Hakuamini sauti isiyo na uso. Kwa hivyo kila mtu aliyekuwa na neno na yeye alikuja mwenyewe, na kila asubuhi baraza ya ofisi ilijaa watu na vikombe vya kahawa, na vumbi jekundu la Voi likitua juu ya wote bila ubaguzi. Vumbi lile lilikuwa jekundu kiasi kwamba nina hakika kuku wa Kaloleni walitaga mayai ya rangi hiyo.

Nilidhani kazi yangu ni kupiga taipu. Aliyenizindua ni Bi Zuhura, dada mkubwa wa Bwana Seif, aliyeishi nyumba ya nyuma ya ofisi na kupika kahawa ya barazani. Hakuwa na meza wala cheo, lakini shughuli zote zilipita mikononi mwake pamoja na vikombe. Juma langu la kwanza alinitokea mlangoni, mkono kiunoni.

"We mtoto, yule mzee wa Marungu umemuaga wapi?"

"Hapa mezani, Bi Zuhura. Kaja, kasema, kaenda zake."

"Kasema nini?"

"Kwamba mbuzi hawajambo na mvua haijanyesha."

"Ametembea kutoka Marungu, jua hili, kuja kutwambia mvua haijanyesha?" Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyoganda. "Mkimbilie!"

Nilimkimbilia. Nikamkuta amekwisha pita stesheni, nikatembea naye, nikamsaidia kubeba mfuko. Tulipita maduka ya mwisho hajasema neno. Tulipoanza kuona vichaka ndipo akakohoa, akasema bila kunitazama kwamba mtu wetu wa kuchagua mbuzi alimtukana mbele ya wanawe, na kwamba yeye na jirani zake wote walikuwa wameshaafikiana kuuza kwingine. Kama nisingekimbia, tungejua siku ambayo hata mbuzi mmoja asingeletwa.

Niliporudi, Bi Zuhura akanipa kahawa kwa mara ya kwanza. "Sasa sikiza," akasema. "Barazani amezungukwa na macho, atasema nini? Atakwambia mvua. Njiani nyote wawili mnatazama mbele, hakuna anayemwona mwenziwe uso, hapo ndipo atalitoa. Wewe kazi yako hasa ni kusindikiza watu. Hiyo mashine ni ya kukupumzisha miguu."

Hii ndiyo elimu yangu ya juu. Masomo ya usiku yalinipa vidole, Bi Zuhura akanipa miguu. Nilisindikiza watu wa kila namna. Wa milimani niliwaamkia kwa Kidawida chao, "Kwawuka mana", nao wakalegea. Wa Taveta niliwafikisha mpaka kwenye behewa. Soli za viatu vyangu zilikwisha kiasi kwamba nikikanyaga siafu nilijua kama ni dume au jike. Na kila jioni nilimletea Bwana Seif yale ya njiani, naye akayapanga kichwani mwake, na asubuhi yake akaamua kama aliyeota.

Taabu ilianza biashara ilipopanuka. Watu waliongezeka, barua zikaongezeka, na Bwana Seif akanunua kengele. Ilikuwa kengele ya shaba ya kugonga kwa kiganja, ikikaa mezani kwake. Aliipenda kengele ile kama mtoto wa kitinda mimba. Ngriii, nani yule amekaa karibu na nguzo? Ngriii, jina la mnunuzi wa karoti. Ngriii, nimeweka wapi miwani? Miwani ilikuwa usoni. Nikawa namfikisha mgeni langoni, narudi mbio, napiga mstari wa barua, natoka mbio, mgeni mwingine kakwisha ondoka peke yake na neno lake moyoni.

Bi Zuhura ndiye aliyelizungumza kwanza, anamimina kahawa.

"Seif, ajiri wa pili. Huyu mtoto atakufia mlangoni, na mimi sina nguvu za kumzika."

Bwana Seif hakulipenda. Aliweka kikombe chini taratibu. "Dada, msaidizi ni masikio yangu na ulimi wangu. Wakiwa wawili, huyu atasema Bwana Seif kakubali, yule atasema Bwana Seif kakataa. Mimi nitakuwa nani katikati yao? Na nikigonga kengele aje nani?" Kisha akanigeukia. "Ama wewe mwalimu wasemaje? Umeshindwa?"

Sasa jamani, mtu ana miaka ishirini na kidogo, kavaa kaki iliyopigwa pasi, wateja wanasikiliza, anaulizwa kama ameshindwa. Nilijibu kwa sauti ya kusikika Mwatate.

"Mimi? Bwana, hata mkinikata vipande vipande, kila kipande kitapiga taipu!"

Baraza ikacheka, Bwana Seif akacheka, suala la msaidizi wa pili likafungwa. Bi Zuhura peke yake hakucheka. Alichukua kikombe changu kabla sijamaliza.

Hapa ndipo anapoingia Mkamburi, ambaye wengi wenu mnamjua kama Mama Righa anayewaletea maparachichi. Wakati huo alikuwa akifundisha kushona huko kwao Wundanyi, na baba yake, Mzee Mwakima, alikuwa mkulima wetu wa kabichi, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Mkamburi aliteremka na lori la mboga siku moja, akanikuta napiga taipu, akasimama kutazama, kisha akauliza, "Hiyo mashine imekukosea nini?" Nikajua nimekwisha. Mambo yakaenda kwa utaratibu. Wazee wangu walipanda milimani, wakazungumza, na mimi nikampelekea Mzee Mwakima blanketi, zito, la mistari, akalipokea. Kwa mila yao, mkwe akishalipokea blanketi, kinachobaki ni kupangiwa siku ya kwenda kumlimia shamba, wewe mwenyewe na jembe lako, ili akuone mgongo. Hutumi mtu. Ukituma mtu, huyo uliyemtuma ndiye aliyelima.

Mzee Mwakima aliteremka Voi. Akakaa barazani, akanywa kahawa, akasema kabichi zimeshika vizuri mwaka huu. Nikamwangalia nikasema moyoni, hii si kabichi. Alipoinuka nikainuka naye. Tukashuka ngazi. Tukafika langoni. Akasimika fimbo, akakohoa namna ile ninayoijua, akatazama mbele, kule stesheni.

"Zakaria, mwanangu," akaanza.

Ngriii! "Mwalimu! Mwalimu we!"

"Mzee, nisubiri kidogo tu, narudi."

Nikakimbia ndani. Bwana Seif alitaka jina la mnunuzi. Nikampa jina. Akataka amwandikie mistari miwili. Ile miwili ikazaa mingine. Nilipotoka, langoni palikuwa na tundu dogo la fimbo kwenye vumbi, basi.

Mkamburi mwenyewe alikuja na lori la siku iliyofuata. Hakutaka kukaa.

"Umemwacha baba langoni kama gunia."

"Mkamburi, ni kengele. Niliitwa."

"Basi oa kengele."

"Nitamfuata nimwombe radhi. Jumapili hii."

"Jumapili utaitwa. Kila mara unaitwa. Baba anasema mtu asiyeweza kuacha meza kwa hatua chache za njiani, siku binti yangu atakapougua usiku ataiacha?" Sauti ikapungua kidogo hapo. "Jumanne atateremka kurudisha blanketi. Mimi nimekwambia kwa sababu nimeona heri ujue."

Blanketi likirudishwa, mambo yamekwisha. Hakuna wa kumlalamikia, hakuna kikao cha pili. Nilisimama palepale lori likaondoka, na vumbi lake likanipaka, nami sikujifuta.

Siku ileile nikaingia kwa Bwana Seif kabla hajagonga.

"Bwana, naomba uajiri msaidizi wa pili."

Akavua miwani. "Si wewe uliyesema ukikatwa vipande kila kipande kitapiga taipu?"

"Nilisema, Bwana. Lakini vipande vyote vimechoka, na kimoja kinataka kuoa."

Nikamweleza yote, langoni, fimbo, blanketi. Nilidhani atacheka. Akanong'ona badala yake.

"Nimekusikia. Nitamchukua wa pili kwa majaribio. Lakini jua hivi, mwalimu. Juma moja. Nikiona wawili ni wabaya kuliko mmoja, nabaki na mmoja, na sitatazama nani alitangulia kuja. Nitamtazama anayenifaa."

Yaani nilikuwa nimeomba mtu wa kuja kunimwagia unga. Lakini lilikuwa limeshatoka kinywani.

Aliyekuja ni Elija Mruttu wa Bomeni, kule Taveta. Tulimjua kidogo, maana ndiye aliyekuwa akifuatana na ndizi za jamaa zake kwenye gari la moshi. Mrefu, mtulivu, mwandiko kama wa kuchongwa, na Kitaveta, Kidawida na Kiswahili vyote vilikaa kinywani mwake bila kugombana. Taipu hakujua hata kidogo. Nilifurahi kusikia hivyo, siwafichi. Yeye naye alivaa kaki, kwa sababu karani wa zama zile asipovaa kaki alionekana mwuza karanga.

Siku ya kwanza kengele ililia tukasimama wote, tukagongana mlangoni, nusura niache jino kwenye bega lake. Ilipolia tena kila mmoja akamheshimu mwenziwe.

"Pita, ndugu yangu."

"La, pita wewe, wewe ndiye mwenyeji."

"Wewe mgeni, pita."

Tukarudi tukakaa wote wawili kwa adabu kubwa, na Bwana Seif akabaki anagonga kama mpiga ngoma.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa la mfugaji mmoja wa Marungu. Aliinuka kuondoka, mimi nikainuka kumsindikiza kwa kuwa ni desturi yangu, na Elija akainuka kwa kuwa Bi Zuhura alikwisha mfunza. Hakuna aliyekubali kukaa. Tukatoka naye, mimi kushoto, Elija kulia, sote kaki, sote kimya, tukingoja aseme la moyoni. Mnakumbuka, au mmesimuliwa, siku zile za mkoloni zilikuwaje. Mtu akitembezwa barabarani katikati ya wanaume wawili waliovaa kaki, watu hawaulizi amefanya nini; wanafunga madirisha. Yule mzee alipofika langoni alikuwa anatokwa jasho la kujaza ndoo. Akasimama akainua mikono.

"Wanangu, mimi sijawahi kuiba! Kama ni yule mbuzi mwenye sikio lililokatwa, nilimnunua, nina mashahidi!"

"Mzee, tunakusindikiza tu," nikamwambia.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho," akajibu Elija kwa upole wake wote.

Mzee yule alikimbia, mabibi na mabwana. Nimeona swala Voi hii, nimeona swara na punda milia, sijaona mbio zile. Habari zikafika kila mahali kabla yake: Bwana Seif ameweka askari. Asubuhi iliyofuata baraza ilikuwa na paka na vikombe vitupu. Iliyofuata, hata paka hakuja.

Bwana Seif alitoka akaitazama baraza, akatutazama sisi, akanong'ona hata tukalazimika kuinama kumsikia.

"Kwa msaidizi mmoja walikuwa wanakuja. Wawili, wamekimbia. Jumanne wanunuzi wangu wa Mombasa wanakuja hapa. Ikipita Jumanne, mmoja wenu anarudi kwao."

Elija aliangalia viatu vyake. Alikuwa na mama na wadogo zake huko Bomeni waliokwisha ambiwa kaka yao sasa yuko ofisini. Mimi nilikuwa na Jumanne yangu nyingine, yenye blanketi. Tulikaa ngazini mpaka Bi Zuhura akatuletea kahawa na kukaa katikati yetu.

"Mnagombania nini? Mgeni ana nyuso mbili, moja akija, moja akienda. Haziji pamoja. Basi mmoja awe wa kupokea, akae karibu na kengele, aandike, apange nani aingie. Mmoja awe wa kusindikiza, kengele ilie isilie haimhusu. Seif akigonga akakosa sikio, ajiitikie mwenyewe."

"Na nani awe wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Elija anajua taipu?"

Mnaona nilipobanwa? Langoni ndiko nilikokuwa mtu. Ndani nilikuwa vidole tu, lakini njiani nilikuwa Zakaria, mtu aliyeambiwa mambo. Na Jumanne Mzee Mwakima angekuja, asindikizwe na mtu asiyemjua.

"Mzee Mwakima nitamsindikiza mwenyewe," nikasema. "Huyo mmoja tu."

"Na Seif akikuita, wageni wa Mombasa wamekaa?"

Kahawa ile ilikuwa chungu kuliko zote alizowahi kunipa. Nikamgeukia Elija. "Chukua lango," nikamwambia. "Lakini polepole. Watu wa milimani hukohoa kwanza. Usiwasemeshe kabla hawajakohoa."

"Nimekusikia, kaka," akasema. Ndipo alipoanza kuniita kaka.

Jumanne ikafika. Watu walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, wakichungulia. Wanunuzi walikuwa ndani na Bwana Seif, na mimi nimekaa kwenye mashine, nikiandika mapatano yao jinsi yanavyotoka vinywani. Meza yangu ilitazama dirisha. Nikamwona Mzee Mwakima akipanda ngazi na blanketi kwapani, limekunjwa vizuri, mistari nje. Alikaa. Alikunywa kahawa. Bi Zuhura alimtia kikombe cha pili, akamtia cha tatu, na mimi nilijua anafanya nini, ananivutia muda, lakini wale wanunuzi walikuwa na maneno kama mto Voi siku ya mafuriko.

Mzee aliinuka. Akatazama ndani, mimi nikamtazama, siwezi kuinuka, vidole viko juu ya mashine na Bwana Seif anasoma nambari za mabehewa. Akaliweka blanketi ukingoni mwa baraza. Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye soksi. Kisha nikamwona Elija anainuka, analiokota lile blanketi kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto wa mwenziwe, anaanza kutembea kando ya mzee. Haongei. Wakashuka ngazi. Wakapita lango. Wakapita stesheni. Nikanyoosha shingo kama twiga mpaka dirisha likaniishia.

Walichukua muda wa kuota ndevu. Nilipiga taipu bila kujua napiga nini. Bwana Seif akaichomoa karatasi kuwasomea wanunuzi, akasita, akanisomea mimi peke yangu kwa kunong'ona: "Mabehewa ya kabichi yatapakiwa na mkwe?"

"Nisamehe, Bwana. Nairekebisha."

Akatazama dirishani, akanitazama mimi. Aliichukua kengele yake, akaiweka ndani ya saraka, akawaambia wanunuzi wamsubiri kidogo, mwalimu wake anapumua.

Elija alirudi peke yake. Mikono mitupu.

"Liko wapi?" nikamwuliza kupitia dirishani.

"Kaenda nalo."

"Kaenda nalo wapi?"

"Kwake. Kalitia begani, akapanda lori." Kisha akaongeza kana kwamba ni habari ndogo, "Alhamisi upande na jembe. Anasema usije na mtu wa kukubebea."

"Elija, ulimwambia nini?"

"Ah, kaka. Hayo ni ya njiani."

Jioni ileile Elija aliingia kwa Bwana Seif na yale aliyoyaokota langoni siku hiyo, na yalikuwa mengi. Yule mzee wa Marungu aliyetukimbia alikuwa amerudi, kwa tahadhari, na alikuwa tayari kuleta mbuzi. Nilisikia vicheko. Elija alipotoka, Bwana Seif akaniita, kwa mdomo, si kwa kengele.

"Alhamisi nenda kalime," akasema. "Mwenzako atakaa. Atapiga hiyo mashine kwa kidole kimoja, nami nitasubiri. Nilimwambia dada yangu wawili watanigawanya katikati. Kumbe mmoja nilikuwa nimemgawanya tangu mwanzo, nusu kwenye kengele, nusu langoni." Akatafuta miwani yake mezani. "Na usinitazame hivyo. Najua iko usoni."

Alhamisi nilipanda Wundanyi. Nililima shamba lile la ngazi, milima ile imesimama kama ukuta, na nawaambia nililima kiasi kwamba mlima ulipungua kimo. Mkamburi alipita na mtungi mara nyingi kuliko maji yaliyohitajika. Mzee Mwakima alikaa juu ya jiwe na blanketi begani, anatazama mgongo wangu, hasemi. Jua likainama, hasemi. Tukala, hasemi. Nikaaga.

Akainuka. Akachukua fimbo. Akanisindikiza yeye.

Tuliteremka njia ile ya migomba bila neno. Nilikumbuka mafunzo yangu, sikumsemesha. Tulipofika pale lori linaposimama akasimika fimbo, akatazama mbele, akakohoa.

"Zakaria, mwanangu. Yule mwenzako aliniambia tajiri wenu hakutaka mtu wa pili, na kwamba wewe ndiye uliyemwomba akigawe kiti chako. Ili watu tusiachwe langoni. Na kwamba huenda ungefukuzwa wewe."

"Ni kweli, mzee."

"Ulijua unaweza kufukuzwa?"

"Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa, akatazama tena mbele. Lori likaonekana kwenye kona. Nilifikiri amemaliza. Akakohoa tena.

"Huyo Elija. Ana mke?"

"Hana, mzee. Mbona?"

"Mkamburi ana mdogo wake." Akanishika bega kunipandisha kwenye lori. "Kama tajiri wenu ameona mmoja hatoshi, mimi ni nani nibaki na mmoja?"

Basi mkiniuliza mmoja au wawili, mimi sitawahesabia wageni wala barua. Simameni langoni asubuhi moja, mtazame watu wanavyotoka. Wakitoka peke yao, hamjatosha.

Nilifika Voi Elija yuko ngazini, kidole kimoja kimevimba kwa taipu. Akaniuliza mzee alisemaje. Sikumjibu pale. Nilimwinua, nikamwambia tutembee kidogo upande wa stesheni.